Masuke Niliyoyaogesha

Mjukuu wangu Darubini alizaliwa macho wazi. Mkunga alipomnyanyua, mtoto hakulia. Alimshika kidole kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akakitazama mpaka mkunga mwenyewe akaona haya, akaenda kukata kucha. Mama yake, binti yangu, husema mimi sikuwemo chumbani, ati nilikuwa nje nagombana na muuza mkaa. Lakini mtu aliye katika uchungu wa kuzaa anaona nini? Shahidi ni mimi.

Jina la Darubini tulimpa baadaye, alipoanza kukaa na kushika vitu. Mama yake angechambua maharage mara tatu, ayaweke jikoni, na mtoto angeingiza mkono chunguni akatoa mawe saba. Alipofika miaka sita tukamnunulia miwani mizito kama vitako vya chupa. Nilimwuliza, "Sasa unaniona vizuri, mke mwenzangu?" Akaniangalia usoni kwa muda mrefu, kisha akasema, "Bibi, umezeeka." Tangu siku hiyo nikamheshimu.

Mama yake alifanya kazi mbali, baba yake alikuwa wa kuja na kuondoka kama mgao wa umeme. Kwa hiyo tuliomlea ni wawili: mimi na mjomba wake, mwanangu wa pili, ambaye alimbeba kwenye mtalimbo wa baiskeli kila asubuhi mpaka shuleni, miaka saba, mvua na jua. Mimi shule niliijua kwa nje tu. Nilikuwa napeleka kuni jikoni kwao, nikichungulia dirishani. Darubini yeye aliingia mlangoni na hakutoka mpaka vitabu vikaisha. Kisha akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa mazao, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu, na ukoo mzima ukatangaza kwamba tumepata daktari.

"Si daktari, Bibi. Nasoma bakteria wa mpunga."

"Unawasoma? Kwani wameandikwa?"

Akanichukua siku moja nikaone. Chumba chenyewe kidogo, kina meza nyeupe, jokofu linalonguruma kama mzee aliyelala chali, na kila kitu kimebandikwa karatasi yenye namba. Alinivisha glavu na kuniamuru nisiguse chochote, jambo ambalo bado sijalielewa. Kama siruhusiwi kugusa, glavu za nini?

Kazi yenyewe iko hivi. Analetewa mpunga mgonjwa. Anausaga kwa maji, anaudondoshea kwenye visahani vyenye kitu kama jeli, anangoja siku mbili tatu. Bakteria wanaota juu ya ile jeli, madoa madogo ya manjano. Anachota doa moja kwa ncha ya kijiti, analipasua kwa dawa zake, anatoa humo vinasaba, yaani ule uzi wa maagizo unaomfanya kidudu awe kidudu huyo na si mwingine. Huo uzi anautia kwenye kimashine kisichozidi kiberiti kilichonenepa, kimechomekwa kwenye kompyuta. Kisha kioo kinaanza kumwaga herufi. Herufi zenyewe ni nne tu, basi. Zinarudiarudia na kupishana usiku na mchana. Herufi nne hata mimi ningezimudu.

"Ni nyingi kiasi gani kwa kidudu mmoja?"

"Karibu milioni saba, Bibi."

"Kwa kitu kisichoonekana! Na mimi je?"

"Wewe una kama bilioni tatu."

"Ahaa. Nilijua tu nina maneno mengi."

Alicheka mpaka akaegemea jokofu. Nikamwuliza lile ambalo mtu yeyote angeuliza: ukishamaliza kumsoma, unamfanya nini?

"Namjua ni nani."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Dawa?"

"Huyu ninayemsoma hana dawa. Akishaingia kwenye mpunga, ameingia."

"Kwa hiyo kazi yako, mke mwenzangu, ni kumwambia mtu jina la mwizi aliyekwisha hama."

Hapo hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Huyu anasafiri ndani ya mbegu," akasema. "Nikimkuta kwenye mbegu kabla haijapandwa, mbegu haipandwi, na yeye anaishia hapo. Hilo tu ndilo ninaloliweza. Kabla. Baada ya hapo siwezi kitu."

Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu haya mawili, na masikio yangu ni mazima. Wakati ule nilikuwa nasikia harufu ya jikoni kutoka jengo la pili, wanakaanga vitunguu.

Sasa mjomba wake. Huyu mwanangu ndiye mzalishaji wa mbegu wa skimu yetu ya umwagiliaji. Majaruba yake mawili ya juu, vile vipande vya mpunga vyenye kingo za udongo, yako karibu na lango la mfereji mkuu, nayo hayaliwi. Mpunga wake ni wa kupanda tu. Familia arobaini na tatu hupanda kutoka ghalani kwake, na amefanya hivyo miaka kumi na moja. Kila msimu kituo hupima, wakiona safi hushona kadi ya kijani kwenye gunia, na gunia lisilo na kadi hakuna anayelichukua hata la bure. Watu humwita Bwana Mbegu. Hujifanya hapendi.

Mwaka huo, zikiwa zimebaki siku chache kuvuna, kona ya chini ya jaruba lake la pili haikuinama. Kwa mtu asiyelima nitaeleza. Mpunga uliojaa huinamisha kichwa kwa uzito. Baba yangu alipata kulima mpunga ulioinama hivi kwamba bata walivukia mfereji juu yake. Suke linalobaki wima, limejinyoosha kama askari wa gwaride, halina kitu ndani. Punje ni maganda matupu, yana rangi ya kahawia kwenye kitako. Mwanangu alisema ni joto, maana mwezi ule jua lilichoma kweli. Lakini alikuwa akirudi kwenye ile kona mara nne kwa siku, na mtu anayeamini ni joto haendi kulitazama joto mara nne.

Akampigia mpwa wake simu, sauti imefunguliwa tusikie sote.

"Mjomba, kata masuke ishirini. Yale mabaya kabisa, umenielewa? Weka kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni. Usiyafanye chochote. Dereva wa pikipiki wa kituo atapita saa nane kuchukua."

"Si ungekuja mwenyewe uone?"

"Nimeomba gari, sijapata. Na maji ya kupandia yanafunguliwa baada ya wiki tatu. Nikianza leo nitawahi."

"Sawa, mpwa wangu. Sawa."

Lakini saa sita aliitwa langoni, ubao wa kuzuia maji umepasuka, na yeye ndiye fundi wa kila kilichopasuka. Akaniachia mkasi na bahasha. "Mama, ya konani. Yale mabaya."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Nikaenda konani. Jamani, yalikuwa na sura gani! Yana kutu, yana matope, mengine yameota ukungu, yamesimama pale hayana haya. Nikayatazama, nikaona aibu. Nikamfikiria mjukuu wangu mbele ya wakubwa zake wenye makoti meupe, anafungua bahasha ya kwao, kinatoka kile kinyaa. Wangesema nini? Huyu binti kwao ndiko huku? Na niambie wewe unayesoma, nani aliyewahi kumpeleka mgonjwa hospitali bila kumwogesha? Hata anayekata roho huvalishwa shati safi kwanza. Ugonjwa uko damuni, sabuni itautoa? Mimi nimelea watoto sita na sijampeleka hata mmoja kwa daktari akiwa na kisigino kichafu.

Basi nikakata manne ya konani, yale yenye nafuu kidogo, na kumi na sita ya katikati ya jaruba, yaliyoinama kwa adabu. Nikachota maji kwenye beseni, nikatia sabuni ya unga na kifuniko kimoja cha ile dawa ya kung'arisha mashuka. Nikayaosha suke moja moja. Nikayasuuza mara tatu, nikayaanika juu ya shuka nyeupe, jua likayakausha, yakapendeza kama ya kuchorwa. Saa nane bahasha ilikuwa tayari.

Dereva wa pikipiki, baba wa watoto watano na mbishi kuliko wote watano, aliinusa. "Bibi, mbona mzigo unanukia?"

"Nawe ungeoga ungenukia. Nenda."

Wiki mbili zikapita. Mpunga wa mbegu ukawa umevunwa, kona yake imetengwa pembeni kwenye turubai, unangoja neno. Darubini akapiga simu asubuhi, nami ndiye niliyekuwa karibu. Mwanangu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bibi, dereva anasema bahasha ulimpa wewe. Yale masuke ulikata wewe?"

"Mimi."

"Yalikuwa mabaya?"

Sauti yake ilikuwa ndogo. Baadaye sana nilijua kwa nini. Visahani viwili havikuwa vimeota kitu chochote. Cha tatu kilitoa madoa machache meupe, akayasoma, akakuta ni wale wasio na neno, wanaokaa juu ya jani kama mijusi nyumbani kwa mtu. Naye alijua kwamba hakuna jani la mpunga duniani lililo tupu vile. Alikwenda kwa mkubwa wake kuomba tena gari. Mkubwa wake si mtu mbaya. Alikuwa na bahasha sitini mezani na gari moja lililokwenda semina.

"Umesoma ulicholetewa?" alimwuliza.

"Nimesoma."

"Mashine ina kasoro?"

"Haina."

"Basi andika ulichokiona."

Ndipo akapiga simu ile, akiniuliza kama yalikuwa mabaya. Nami nikamtazama mwanangu mlangoni. Nikaona anavyoikunja kofia, anaikunjua, anaikunja. Kama ningesema "niliyaosha," ningeonekana mpumbavu mbele ya watu wawili kwa mpigo. Na kwangu mimi jambo lenyewe lilikuwa dogo, maana kuosha ni kuosha tu. Basi nikafanya ninachokijua.

"Mabaya?" nikasema. "Mjukuu wangu, yalikuwa mabaya hivi kwamba inzi walipita wameziba pua. Mbuzi wa jirani aliyaona akaacha kula siku mbili."

Alicheka. Nilimsikia akicheka kule, na ndani ya kile kicheko nikasikia mtu anayetua mzigo. Alitaka sana kuniamini. Huyu ni mjomba aliyembeba kwenye baiskeli miaka saba.

"Haya, Bibi. Nitaandika."

Aliandika kwamba bakteria wa ugonjwa hakupatikana katika sampuli iliyopokelewa. Mwanangu alisoma hadi neno "hakupatikana," akaikunja barua, akaenda kuichanganya ile kona na rundo kubwa kwa koleo. Kadi za kijani zikashonwa. Maji yakafunguliwa siku iliyopangwa, na familia arobaini na tatu zikaja na mikokoteni yao, zikapokea mbegu.

Miche ilitoka vizuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kama ingetoka na madoa tungejua mapema, lakini ilikuwa ya kijani hata macho yanatulia. Tulipalilia, tukaimba, tukagombania zamu za maji kama kawaida. Nilimtania mwanangu kwamba mwaka huu itabidi ajenge ghala la ghorofa.

Mavuno yalipokaribia, aliyekuja wa kwanza ni Mama Pacha, jirani wa jaruba la mwisho kabisa, mjane mwenye mapacha wawili na ulimi mmoja unaowatosha wote watatu.

"Shangazi, njoo uuone mpunga wangu. Una kiburi."

Nikafikiri ni utani. Nikamfuata kwenye kingo za majaruba, na nilipofika sikuhitaji kuambiwa. Jaruba zima limesimama wima. Nilirudi kwa njia ya juu ili nisione zaidi, nikaona zaidi: la mwalimu mstaafu, la fundi cherehani, la ndugu wawili wasiosemezana. Wale ndugu walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake, wameshika viuno kwa namna moja. Mwanangu nilimkuta kwenye jaruba lake mwenyewe. Anachuma punje moja, anaiminya kati ya vidole, tupu. Anachuma nyingine. Aliendelea hivyo kama mtu anayehesabu tasbihi, wala hakunigeukia.

Safari hii gari likapatikana. Darubini akaja na koti, na mkasi, na bahasha zake, akakata mwenyewe, jaruba kwa jaruba, kila bahasha akaiandika namba. Watu wakamfuata nyuma kama msafara wa harusi usio na bibi harusi.

"Sasa mwanetu, tunyunyize nini?" fundi cherehani akauliza.

"Hakuna cha kunyunyiza, baba."

"Hata kidogo? Hata kwa sehemu?"

"Hakuna."

"Tukitoa maji tukauacha ukauke?"

"Haitasaidia kitu, baba. Samahani."

Mama Pacha akasimama mbele yake kwenye kingo, njia ikaziba. "Kwa hiyo umekuja kufanya nini?"

"Kuchukua sampuli."

"Umechukua. Halafu?"

"Nikasome."

"Haya. Sisi tunalia, mwenzetu anasoma." Akampisha.

Darubini akapita. Niliona shingo yake kwa nyuma, imelowa jasho, na kamba ya miwani imejikunja kwenye kola. Nikataka kumnyooshea, lakini mikono yangu ilikuwa na matope.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kituoni bila kuitwa. Nilimwambia mwanangu naenda kutibiwa jino, na jino hilo nililing'oa mwaka aliozaliwa. Nikamkuta Darubini ametandaza karatasi mezani. Ulikuwa mchoro kama ule wa ukoo, shina na matawi, na kwenye kila ncha ya tawi kuna namba ya jaruba.

"Hawa wote nimewasoma, Bibi. Arobaini na tatu. Tazama, wa Mama Pacha na wa mwalimu hawatofautiani hata herufi moja. Wa fundi ana herufi mbili tu tofauti. Mbili, kati ya karibu milioni saba."

"Ni ndugu."

"Ni mtu na watoto wake. Na mama yao yuko hapa." Akaweka kidole penye shina. "Huyu nimemtoa kwenye punje zilizobaki ghalani kwa Mjomba. Zile zenye kadi ya kijani."

Nimeona wanaume wakikana watoto waliofanana nao hadi kovu. Lakini karatasi ile haikuwa na pa kukania.

"Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya," akasema. "Haina pengo hata moja. Mkubwa anataka niipeleke kwenye mkutano wa watafiti. Na haimsaidii mtu yeyote kitu chochote." Akavuta kiti, akakaa, magoti yetu yakagusana. "Bibi. Yale ya mwanzo. Uliyafanya nini?"

Nikamwambia. Sikuongeza hata inzi mmoja. Masuke manne ya nafuu, kumi na sita mazima, beseni, sabuni ya unga, dawa ya mashuka, kusuuza mara tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na nilipomaliza nilitamani anitukane.

"Ulimwogesha mgonjwa," akasema.

"Ndiyo."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nami niliona ni safi mno," akasema. "Nilikaa na vile visahani siku nne. Siku nne nzima ningeweza kukataa kuandika. Ningepanda basi kwa nauli yangu, nikakata mwenyewe. Nilijua, Bibi. Nilitaka tu isiwe kweli."

Nikazitazama zile glavu kwenye boksi.

Mkutano wa wakulima ulifanyika kwenye banda la kukobolea, mashine imezimwa. Mkubwa wa kituo alisoma barua. Mbegu ya msimu huu isihifadhiwe hata punje. Mabua yachomwe. Majaruba yote yasipandwe mpunga msimu mmoja, yapandwe kitu kingine. Mbegu zote za ghala la mzalishaji ziteketezwe, na kibali chake kimesimamishwa. Alisoma polepole, kwa heshima, kila sentensi kama mtu anayedondosha jiwe kisimani akingoja asikie maji.

"Nani aliyetoa kadi ya kijani?" mwalimu mstaafu akauliza.

Darubini akasimama. "Ni mimi niliyeandika."

Watu wakaguna. Mtu nyuma akasema, "Mjomba na mpwa, si tulijua tu." Mwanangu aliinamisha kichwa. Hapo nikasimama mimi.

Nikasema yote. Nikasema niliyakata mimi, nikachagua mazuri, nikayaosha kwa dawa ya mashuka, na mtoto aliponiuliza nikamdanganya. Nilisema kwa sauti kubwa ili wa nyuma wasikie. Nilipofika kwenye beseni mtu akacheka. Nilipofika kwenye shuka nyeupe banda zima lilikuwa likicheka, hata wale ndugu wawili wasiosemezana wakatazamana.

"Bibi, keti," mwenyekiti wa wakulima akasema, anafuta macho. "Leo si siku ya hadithi."

"Naapa!"

"Mwezi uliopita uliapa kwamba mbu alibisha hodi kwako ukamfungulia."

"Mwacheni amtetee mjukuu wake," Mama Pacha akasema, na hakusema kwa ubaya. Safari hii ulimi wake ulikuwa laini, na hilo ndilo lililonivunja. "Hata mimi ningetunga."

Nikamgeukia mwanangu. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama, na niliona usoni mwake kwamba anaikumbuka saa sita ile, mkasi, bahasha, na ameiunganisha. Alijua ni kweli. Katika banda lile lote ni yeye, mimi na Darubini tuliojua. Akafungua mdomo, na nikadhani atanishuhudia, au atanilaani, yote mawili ningeyapokea.

"Mama," akasema, "keti."

Nikaketi.

Darubini hakufukuzwa kazi. Anasoma kama zamani, ila barua zinatiwa saini na mtu mwingine, na hakuna bahasha inayopokelewa bila mtu wa kituo kukata masuke mwenyewe. Walinunua hata pikipiki ya pili kwa ajili hiyo. Ukimpongeza kwa hilo anafuta miwani.

Siku ya kuchoma mbegu za ghala alikuja, ingawa hakupangiwa. Magunia yalikuwa ishirini na sita. Mwanangu alikuwa ameyapanga yote nje, kando ya shimo la kuchomea, isipokuwa moja, dogo, la mbegu mama, ile ambayo huirudia kila baada ya misimu michache ili aina isichakae. Amekuwa nayo tangu mwaka wa kwanza.

"Hili halikuguswa na kona," akamwambia mpwa wake. "Lisome."

"Mjomba, lilikaa ghala moja na yale mengine. Koleo moja."

"Najua lilikaa wapi. Lisome."

Darubini alijua jibu, nilimwona anajua. Alichukua punje kiganja kimoja, akaenda nazo kituoni, akazisaga, akangoja visahani, akasoma herufi zote kana kwamba hajawahi kuziona. Siku tisa. Yale mengine yalichomwa siku ileile, lakini hili mwanangu hakulichoma wala hakuliingiza ndani. Aliliweka barazani, na jioni alikuwa analifunika kwa turubai kama mtu mwenye baridi.

Siku ya kumi Darubini alishuka garini hana karatasi mkononi. Mjomba wake alisimama.

"Yumo," akasema.

"Hata kibaba kimoja? Tukichagua punje moja moja? Mama ana macho, wewe una macho."

"Mjomba, yumo ndani ya punje. Haonekani kwa macho."

"Basi hata kiganja, nipande kwenye ndoo, uwe unanipimia..."

Hakumaliza, kwa kuwa Darubini alikuwa analia, amesimama wima, miwani imejaa ukungu, wala haivui. Mwanangu akalibeba gunia mwenyewe begani hadi kwenye lile shimo. Akakata uzi kwa meno, akamwaga, akawasha.

Mpunga wenye maganda hauungui kwa pupa. Hauwaki, unafuka tu, unafuka kutoka ndani, na lazima mtu awe anaukoroga kwa fimbo ili moto ufike chini. Alikoroga yeye. Nilijaribu kumpokea fimbo, akasema, "Acha tu, mama, nitamaliza." Darubini akakaa kwenye udongo upande wa pili, nami nikakaa karibu naye. Jua likahama, kivuli cha ghala kikatufikia miguuni, na chini ya lile rundo kulikuwa bado na mpunga mbichi, wa manjano, mzuri wa kutazama, haujaguswa na moto.